Siku Mama Alipompigia Mjomba Vigelegele

Mwezi uliopita nilirudi Gitega, nikaingia kwenye uwanja wa mpira uliokarabatiwa. Nyasi za bandia, majukwaa ya saruji, viti vya rangi. Mlinzi akaniuliza kama namtafuta mtu. Nikamwambia nimekuja kutazama tu. Ningemweleza nini, rafiki yangu?

Sisi tuliujua ukiwa udongo mwekundu. Miaka ya mwanzo ya uhuru wazazi wetu waliusawazisha kwa majembe, wanawake wakibeba udongo kwa vikapu kichwani, na bado upande mmoja ulibaki umeinama. Mistari ilichorwa kwa majivu ya majiko ya mtaa wetu wa Yoba.

Baba alikuwa fundi cherehani, na Jumapili alikuwa mshambuliaji wa Gitega. Mama alizaliwa Muyinga, na kaka yake, mjomba wangu, ndiye aliyekuwa kipa wa huko. Timu hizo zikikutana, mjomba alifikia kwetu. Wakala pilau sahani moja na baba, wakizungumza habari za mvua na za ndugu, mpira hawaugusi. Kisha kila mmoja akafuata wenzake.

Siku ninayoikumbuka mvua ilikuwa imenyesha. Mpira ulikwama topeni na hakuna aliyefunga, mpaka mwishoni kabisa Gitega wakapata penalti. Kapiteni akampa baba mpira. Nilikuwa nimeketi majanini kati ya mama na bibi mzaa baba. Uwanja ukanyamaza. Baba akapiga, mjomba akaruka, akaudaka na kuanguka nao kwenye tope.

Katika kimya kile mama akasimama akapiga vigelegele, peke yake, katikati ya watu wa Gitega. Jirani yetu mmoja akamuuliza kwa ukali kama amesahau anakula kwa nani.

Mama hakuketi. Alimjibu taratibu: "Bwana yangu iko pale, na ndugu yangu iko pale. Mi leo siwezi kulia."

Bibi akamshika mkono. Nilidhani anamvuta akae. Kumbe alikuwa anajiinua, naye akapiga vigelegele vikali kuliko vya mkwewe. Jirani akageukia mchezo.

Jioni baba alirudi na mjomba, wote wekundu kwa tope. Walinawa, wakaketi mkekani. Mama akaleta maharage na ndizi, akingoja neno.

"Nimekusikia," baba akasema.

"Hata ungefunga ungenisikia."

Baba akacheka mpaka akaliacha tonge. Mjomba naye akacheka, na mimi nikajua nyumba yetu iko salama.

Baba na mjomba wote wametangulia mbele ya haki. Uwanja mpya ni mzuri, sitakudanganya, na watoto wa leo wanastahili mpira usiokwama topeni. Lakini sasa kuna uzio, na vipaza sauti vinavuma mwanzo hadi mwisho. Zamani tulikaa karibu na mstari kiasi kwamba mchezaji, katika kelele za mji mzima, aliitambua sauti ya mke wake.