Mahari ya Mkaanga Samaki wa Kamanga

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya filamu huko Ulaya nilifanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, katika kampuni ndogo ya filamu za maisha halisi. Nilitegemea kushika kamera. Nikashikishwa birika la kahawa, na nikawa hodari nalo, sijisifu.

Siku moja mwongozaji aliniita chumba cha kuhariri. Kumbe alikuwa amepiga picha kwetu Mwanza, na sasa alitaka nikague tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Nilipoiona Kamanga, ng'ambo ya ziwa, magari yakishuka kwenye feri kutoka mjini, nilifurahi mpaka nikasahau kahawa jikoni.

Akatokea mama wa makamo, mkaanga samaki. Alisema kwa uchungu, "Wamechukua mahari pangu bila hata kuniuliza."

Chini yake iliandikwa kwamba watu wamekula mahari yake. Filamu nzima ilikuwa imejengwa juu ya sentensi hiyo.

Mimi nilicheka. Si vizuri, lakini nilicheka. Yule mama alikuwa ananyooshea kidole ardhi iliyo kando ya gati, palipokuwa na jiko lake. Alikuwa anasema mahali. Kwetu Usukumani L na R hupokezana zamu bila kumuuliza mtu. Mama wa watu alihamishwa pale anapofanyia biashara, basi.

Mwongozaji hakucheka. Alisema ameangalia kamusi. Nilitaka kumwambia kamusi yake haijawahi kupanda feri, ila nikakumbuka kuwa barua yangu ya fildi angeisaini yeye, na bila barua ile nisingehitimu. Mdomo uliponza kichwa. Nikamtazama tena yule mama. Alimweleza mgeni shida yake, mgeni akaondoka na shida nyingine kabisa. Roho iliniuma. Nikasema naomba nilete shahidi.

Nikampigia mama yangu, yuko Nyakato, hapo hapo Mwanza, simu nikaiweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekura?"

"Nimekula. Ila huku kazini nimebishana na bosi. Wanaweza kunifukuza."

"Wakufukuze tu! Kwani wewe huna mahari? Mahari pako si hapa nyumbani? Rudi."

Mwongozaji alilisikia neno lile mara mbili. Akaacha kuzungusha kiti, akaniuliza mama anasema nini.

Miaka yote ya sekondari nilikuwa namsahihisha mama mbele za watu, herufi kwa herufi, kwa kiburi cha mtoto aliyefaulu. Mara nyingine alinyamaza katikati ya sentensi na wageni wakiwa wamekaa pale. Niliona aibu kubwa kuliko ninavyoweza kueleza, na machozi yakanitoka mbele ya bosi.

"Anasema nina mahali pa kurudi," nilimjibu.

Mwongozaji akavuta kibodi, akaifuta ile sentensi ya mahari mwenyewe.