Mimi Nimeachiwa, Sasa Wamemshika Aliyenipa Moto

Ndugu mhariri, asante kwa kunifichia jina. Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Tunaishi katika kijiji kimoja cha ujamaa kati ya Kilosa na Mikumi. Mkinitukana sawa tu, nimestahili.

Mwaka jana, siku ya zamu yetu kwenye shamba la kijiji, niliaga kwamba nina homa. Homa gani! Nilikuwa na kipande changu cha shamba nyuma ya ghala la pamba, nilitaka kukichoma kabla ya mvua. Viberiti vilikuwa vimeadimika dukani, nikaenda kwa jirani yangu, nimwite Mzee Mloka, akanipa makaa kwenye kigae kama tunavyopeana siku zote. Nilipowasha, upepo ukageuka. Ghala likateketea na pamba ya kijiji kizima.

Nikashitakiwa Kilosa. Mimi nilijitetea bila kiapo, nikasema nilikuwa kitandani. Mke wangu ndiye aliyeshika Msahafu akaapa kwamba alishinda akinikanda kwa maji baridi. Mzee Mloka hakuitwa kutoa ushahidi, naye hakutaka kunichongea. Hakimu akaona hakuna aliyeniona na moto, akaniachia huru. Nikarudi kijijini natembea kifua mbele, Mungu anisamehe.

Haikupita miezi mingi, mtu mmoja akasema asubuhi ya siku ile ya moto alimwona Mzee Mloka uani kwake akijaza makaa kwenye kigae. Sasa ameshitakiwa yeye. Anasema kweli tupu, kwamba moto alinipa mimi, na watu wanamcheka, "Yule si ameshaachiwa na mahakama? Tafuta mwingine wa kumsingizia."

Yuko nje kwa dhamana. Juzi nilimkuta kisimani, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akanishika mkono. "Mwanangu, nimemuuliza karani wa mahakama. Kesi uliyoshinda hawawezi kukushitaki tena, hata ukikiri. Njoo useme tu. Hutapoteza kitu."

Nikalia pale pale mbele ya akina mama na ndoo zao. Kumbe hajui kwamba mimi nilishatangulia kwa karani huyo huyo, nikajifanya naulizia mambo ya ndugu yangu. Karani alinijibu vivyo hivyo, kisha akaongeza, "Lakini mkewe hiyo kinga haimhusu. Aliapa uongo, hilo ni kosa lake mwenyewe. Anaweza kufungwa."

Nilipomweleza mke wangu, hakulia. "Niliapa kwa sababu uliniomba," akasema. "Haya, nenda kaseme. Mimi niingie ndani, wewe ubaki unanyonyesha." Tangu hapo hanisemeshi. Chakula ananitengea, anaondoka.

Jana nimeletewa hati ya mahakama. Mzee Mloka ameomba niwe shahidi wake, na safari hii nitaapishwa. Nikikana, namwapia Mungu uongo na mzee wa watu anafungwa. Nikikiri, mimi nitatoka mle kwa miguu yangu, na askari watakwenda kumchukua mama wa wanangu. Katika sisi watatu, sheria inamlinda mwenye kosa peke yake, na naichukia.

Shauri ni mwezi ujao. Ndugu zangu, niambieni ninyi, maana mimi nimeshindwa: nimpeleke nani jela, aliyenipa moto au aliyenitetea?