Daktari wa Bukavu na Kiingereza Chake

Baada ya kupasuliwa koo niliambiwa hospitalini kwamba nikitaka kubaki na sauti, niache darasa. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya Nyakato, Mwanza, jirani na viwanda, ambako ili usikike ilibidi ushindane na mashine na malori. Nikastaafu kabla ya wakati wangu. Nikakaa nyumbani Kiseke na sauti ya kukwaruza, nikiamini kazi pekee niliyoijua imekwisha.

Jirani yangu, mama wa Kihaya ninayesali naye, ndiye aliyeniletea mwanafunzi. Alikuwa daktari kijana kutoka Bukavu, Kongo, aliyekuja Mwanza kusomea shahada ya pili. Aliingia sebuleni akasema, "Jambo, mama." Jirani akamkazia macho, maana hapa mtu wa umri wangu huamkiwa kwa shikamoo. Mimi nilimwitikia na kummiminia chai.

Alikuwa amesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, na hapa alitakiwa kuandika kwa Kiingereza. Utafiti wake ulihusu akina mama wa visiwani wanaochelewa kufika hospitali kujifungua. Msimamizi wake alikuwa amemrudishia sura nzima na maneno machache pembeni: sielewi unachotaka kusema.

"Mimi si mujinga, mama," aliniambia. "Kwetu nilikuwa nasimamia wodi."

"Najua, Daktari. Hebu tuone."

Sentensi ya kwanza ilianzia juu ya ukurasa ikaenda kufia karibu na chini, na ndani yake hapakuwa na binadamu hata mmoja. Kulikuwa na ucheleweshaji, upungufu, miundombinu. Kisha ghafla ikaja aya ya Kiingereza laini kabisa.

"Haya ni maneno yako?"

"Hapana. Ni ya profesa moja mukubwa."

"Mbona hukumtaja?"

Alinishangaa. "Kila mutu anamujua."

Akanieleza kwamba shuleni kwao, kuyarudia maneno ya mkubwa bila kuyabadili kulikuwa ni kumheshimu. Niliona hakuwa na nia ya kuiba, ila chuo kingeliita jambo hilo wizi. Nikamuuliza wakitoa methali kwao husemaje kwanza.

"Tunasema, wazee walisema."

"Basi na hapa ni hivyo hivyo. Mtaje mzee wako, halafu utuambie wewe mwenyewe umeona nini."

La kumtaja mzee alilielewa palepale. La kusema ameona nini likatusumbua wiki kadhaa. Kila akishika kalamu, wale akina mama aliowahoji ufukweni walipotea. Kwa kuwa mimi sikuweza kusema sana, siku moja nilimwomba aseme yeye. "Weka karatasi pembeni. Nisimulie kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia mama yako."

Akanisimulia juu ya mwanamke mmoja wa kisiwani. Uchungu ulimwanza usiku, na alfajiri akawa tayari yuko mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, na kanga zake. Ziwa lilichafuka, mwenye mtumbwi akakataa kuondoka. Mumewe akazunguka kutafuta boti yenye injini. Walipofika Mwanza jua lilikuwa linazama, na mtoto hakuwa hai tena. Daktari alijifuta macho kwa kiganja.

"Na wewe umeandika nini?"

"Kwamba mama alichelewa."

"Alichelewa?"

"Hapana," alisema polepole. "Yeye aliwahi. Boti ndiyo ilichelewa."

Akavuta karatasi, akaandika kwa Kiingereza kwamba mama yule aliondoka nyumbani alfajiri. Ilikuwa sentensi fupi, na sikuigusa hata nukta. Alirudi akasikiliza upya mahojiano yote aliyorekodi, akakuta wengi wao waliwahi kutoka nyumbani. Utafiti wake ukageuka: badala ya kuuliza kwa nini akina mama wanachelewa, akauliza ni nini kinachowachelewesha. Msimamizi aliposoma, alimwita ofisini, na safari hii alitaka kusikia zaidi.

Siku ya kutetea utafiti nilikaa kiti cha nyuma. Mtahini mmoja alimuuliza, "Nani anasema hivyo?" Akawataja wataalamu wake kwa majina. Kisha akaongeza, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kwao, "Na mimi pia nasema, kwa sababu nilikaa na hao wanawake." Alifaulu, akapewa marekebisho madogo.

Tulikwenda kula sato karibu na ziwa. Alianza kunishukuru, nikamzuia. Nilimwambia kwamba mimi ndiye mwenye deni la shukrani, kwa kuwa nilidhani ualimu ulikuwa kwenye sauti. Alikuwa anachambua samaki kwa vidole, anatoa miiba, na minofu anaiweka kwenye sahani yangu.

Sasa yuko kwao, wodini. Wanafunzi wengine wamekuja kwangu baada yake: Mrundi mmoja, na dada wawili kutoka Sudan Kusini. Wanakaa barazani kwangu wakisimulia, nami nasikiliza, na kila wakiondoka namshukuru Mungu.