Kipimo cha Ndama

Nyumbani kwetu Endabash bomba la sindano lilikuwa moja, la ng'ombe na la watu. Nililichemsha kila mara, nisije nikaambiwa mchafu. Dawa ilikaa dirishani, chupa yenye picha ya ng'ombe aliyenona. Baba alikuwa mwepesi, kwa hiyo nilimpimia kipimo cha ndama. Hospitali iko Karatu mjini, na fimbo iliyo mkononi ndiyo iuayo nyoka.

Mkojo ukimchoma, namdunga. Siku ya pili akipata nafuu naacha, maana dawa iliyobaki ni ya mifugo. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Majirani wakaanza kuniita daktari, nami sikuwasahihisha.

Mwaka jana, baada ya kuvuna mahindi, dawa iligoma. Baba alitetemeka chini ya blanketi tatu, akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Nikampandisha cheo, nikampimia kama fahali. Hakuona tofauti. Ndipo tukatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole kupita kiasi. Alichukua damu na mkojo vikaoteshwe maabara. Alinieleza kuwa bakteria wanaoleta ugonjwa huo huishi tumboni mwa kila mtu bila ugomvi, ila wakipanda kwenye kibofu na kuingia kwenye damu, wanaua. Siku ya tatu majibu yakaja. Karibu kila dawa iliyojaribiwa maabara, bakteria wa baba walikuwa wameshaizoea.

"Mzee amekuwa akitibiwa na nani?" akauliza.

Asubuhi hiyo akili zilikuwa zimemrudia baba. Alininyooshea kidole kabla sijajibu.

"Na huyu hapa. Ana mkono mwepesi, hata mbuzi hawalii."

Alisema kwa majivuno, wodi nzima ikasikia. Sijawahi kuona aibu kama ile. Daktari aliniangalia, akaandika kitu, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ilibaki dawa moja iliyokuwa bado na nguvu, ikaagizwa Arusha. Ilipofika baba alikuwa amechoka mno. Nesi alipomsogelea, alirudisha mkono wake ndani ya shuka.

"Mwachie binti yangu," alimwambia. "Nyie hamnijui."

Nilimshika mkono, nesi akamchoma. Alifariki kesho yake, akiwa na hakika kwamba wangeniachia mimi, angepona.