Mashini ya Hewa Ndani ya Plastiki

Bado nina hasira, na sijui vizuri nimkasirikie nani. Tunaishi ng'ambo, Evere, na baridi ikianza tunafunga madirisha yote. Hapo mwanangu Gloire anapiga chafya mpaka macho yanavimba. Daktari alisema ni vumbi la nyumbani, nikanunua mashini ya kusafisha hewa. Wiki tatu inanguruma, na mtoto anazidi tu.

Nilichanganyikiwa. Nilifua mapazia, nikatupa zulia, wapi! Bon, nikaamua ni blanketi ya mama mkwe, ile aliyokuja nayo kutoka Bukavu. Nikamwambia wazi: "Maman, blanketi yako inaua mutoto."

Alifunga valizi yake, akamwita mtoto wake mwingine aje kumchukua.

Shemeji alifika, akamkuta Gloire anapiga chafya mbele ya mashini.

"Filtre unaisafisha?" aliniuliza.

"Ya nini? Ni mpya kabisa." Nikamfungulia mwenyewe, kwa kiburi, aone ile filtre inayoshika vumbi ilivyo nyeupe.

"Na hii plastiki iliyoifunika?"

"Niliiacha ili isichafuke." Kwetu sofa ina plastiki yake, rimoti ina yake. Nani anavua kitu kipya?

"Donc hewa inapita wapi?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amevaa koti, blanketi mkononi. Aliitazama filtre, akanitazama mimi, akarudi kuketi. Plastiki ya sofa ikalia chini yake.

"Alors, Maman Gloire," alisema, "ni nini inaua mutoto?"