Walivyomtoa Mama Kwenye Wimbo

Mwezi uliopita nilialikwa harusini, kwenye ukumbi mmoja huku Ilemela wenye feni za kelele nyingi na upepo kidogo. Nilikuwa nimekaa zangu na sahani ya pilau, viatu nimevivua chini ya meza kwa sababu vilikuwa vinanibana, na roho yangu nyeupe kabisa. Kijana wa muziki akaweka wimbo. Gitaa la solo likaingia peke yake, taratibu, na kabla hata besi haijajibu mimi nilishaujua. Nikakirudisha kijiko kwenye sahani. Nikajisemea, labda huyu kaupata ule wa zamani. Wapi! Kibwagizo kilipofika, sauti ya mwimbaji wake, Chocho, ikaita kama inavyoita siku zote, tamu mpaka inaudhi: "Bosi Duma, eee, Bosi Duma." Ukumbi mzima ukainuka kuserebuka. Nikavaa viatu, nikamfuata yule kijana, nikamwambia azime. Akanicheka.

"Mama, huu ndio wimbo wa harusi zote," akasema. "Nani asiyeupenda?"

Mimi. Mimi siupendi, na ninyi mnaonisoma, kabla hamjasema huyu mwanamke ana kijicho na raha za watu, hebu kaeni hapa niwaeleze. Nimelibeba jambo hili tangu nikiwa darasa la nne na sijaona dalili yoyote ya hasira kupoa.

Tulikuwa tunakaa juu mlimani, kwenye zile nyumba zilizobanwa katikati ya mawe, ambako ndoo ya maji hufika nusu kwa sababu ya kupanda. Tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Baba alikuwa anakata minofu kwenye kiwanda cha samaki, sangara kutwa nzima, na harufu ya sangara ilikuwa inarudi naye nyumbani kama ndugu wa karibu. Lakini Jumapili, tukishatoka kanisani, alikuwa anakaa uani kwenye kigoda anajisugua mikono kwa limau na sabuni ya kipande, kidole kimoja kimoja, mpaka chini ya kucha. Halafu anapiga pasi shati lake la drafti na kulivaa likiwa bado la moto. "Bendi haiendewi na harufu ya kazini," alikuwa anasema. Ndiyo maana mpaka leo nikikata limau jikoni, masikio yangu yanategea gitaa.

Bendi yenyewe ilikuwa inaitwa Mawe Matatu. Ilikuwa inapiga kila Jumapili kwenye baa moja ya ufukweni, kuanzia jua linapopunguza ukali, na watu walikuwa wanakuja na familia zao. Sisi watoto tulikuwa tunanunuliwa soda na kuambiwa tutulie, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutulia. Palikuwa pananuka samaki wa kukaanga, bia iliyomwagika mchangani na mafuta ya jenereta. Huku watu wanacheza, ndege korongo walikuwa wamesimama pembeni wanasubiri vichwa vya samaki, wana sura za wazee wa kamati. Na pale mbele, Chocho, mwimbaji wetu, mfupi, shingo nene, viatu vyeupe vyenye ncha. Jamani, yule mtu alikuwa na sauti! Alikuwa akifungua mdomo, wanawake wanaweka chini bilauri.

Niliipenda ile bendi kwa wazimu. Siku za kawaida tulikuwa tunacheza bendi pale mtaani, magitaa yetu ya makopo na nyaya za breki za baiskeli, na Chocho nilikuwa mimi. Aliyetaka kuwa Chocho tulimalizana naye kwa makofi kwanza. Nilikuwa najua solo anaingia wapi, tumba zinajibu wapi, na mpiga drams akichelewa nilikuwa namkodolea macho kwa dharau.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na sababu hiyo ilikuwa mama. Mama yangu alikuwa Mhaya, jina lake Koku. Alikuja Mwanza kusomea ualimu pale Butimba, na baba alimwona kwa mara ya kwanza kwenye baa ile ile, wakati bendi bado changa, inawapigia watu wachache na mbwa wa mwenye baa. Watu walikuwa wanaona haya kuingia uwanjani. Mama aliingia peke yake. Yule mpiga gitaa la solo aliniambia mwenyewe kwamba walikuwa hawajui wimbo waumalize vipi mpaka wamtazame Koku anachezaje. Malaria ilimchukua mimi nikiwa bado sijajua kusema vizuri. Ndugu zake wakaja, wakamchukua kwa meli wakaenda kumzika kwao Bukoba, kwenye migomba, kama desturi yao inavyotaka. Kwa hiyo Mwanza hatukuwa na kaburi. Picha iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho cha chuo, imefifia mpaka huoni pua. Na baba alikuwa hawezi kulitaja jina lake mle ndani. Kila akijaribu, anaishia kuuliza habari za chumvi.

Chocho ndiye aliyetunga wimbo. Haki yake nampa, siwezi kumnyima, wimbo ni mzuri. Ulikuwa unaitwa "Koku" na unamsimulia msichana aliyekuja kwa njia ya maji, akawafundisha watu wazima kucheza, kisha akaondoka na uwanja ukabaki mpana mno. Kibwagizo kilikuwa ni jina lake tu. Kilipofika, vyombo vyote vilikuwa vinanyamaza zinabaki tumba peke yake, na baa nzima inainua mikono juu na kuita, "Koku! Koku!" Hapo ndipo baba alipokuwa ananiinua mabegani. Nikiwa kule juu nilikuwa naona ziwa lote, na kivuko cha Kamanga kinakata maji na magari yake mgongoni, na chini yangu umati wa watu wazima unamwita mama yangu. Nilikuwa naamini anasikia. Nilikuwa naamini ipo siku ataitika, na nilikuwa naogopa nisije nikawa nimekwenda msalani siku hiyo.

Sasa huyo Bosi Duma. Alikuwa tajiri wa mabasi, na Duma ni jina alilojipa mwenyewe kwa ajili ya mbio za mabasi yake, maana mwenyewe kutembea tu kulikuwa kunamtoa jasho. Aliinunulia bendi vyombo vipya, spika ndefu kuliko baba, na bendi ikamwona mungu mdogo. Jumapili ya kuvizindua baba alijisugua limau muda mrefu kuliko kawaida. Tulifurahi, mjue! Tulishuka mlima tunakaribia kukimbia. Kufika, ile meza yetu ya mbele amekaa Duma na wapambe wake, sisi tumesogezwa kule karibu na choo. Baba akasema hakuna neno, muziki unafika kila mahali.

Solo likaingia. Baba akanipandisha mabegani, nikainua mikono. Vyombo vikanyamaza, tumba zikabaki, na Chocho akafumba macho kama kawaida yake, akaimba, "Bosi Duma, eee, Bosi Duma."

Mara ya kwanza watu walichanganyikiwa. Wengine waliita Koku, wengine waliguna tu. Mara ya pili wengi wakaita Duma. Mara ya tatu wote. Wote! Watu walewale waliokaa kwenye turubai la msiba wa mama yangu, waliokula ubwabwa wetu wakidondosha machozi kwenye sahani, walimbadilisha mama kwa upesi wa mtu anayebadilisha stesheni ya redio. Mikono yangu ilikuwa bado iko juu, na sikujua niifanye nini.

Niliteremka kwa kushika shati la baba, nikapenya kwenye miguu ya watu mpaka jukwaani, nikamvuta Chocho suruali. Nilidhani kapitiwa tu.

"Anko Chocho, umekosea."

Akainama. Tabasamu lake la kazini lilikuwa bado limebandikwa pale pale, na maiki hakuiondoa mdomoni. "Mwanangu," akasema, "mama yako hasikii. Bosi anasikia."

Zile spika mpya zilifanya kazi yake. Maneno yale yalitoka mpaka ziwani, na nina hakika waliokuwa kwenye mitumbwi waliyapata. Watu wakacheka. Duma akacheka mpaka glasi zikagongana mezani, akainuka kwenda kumtunza mwimbaji wake. Nilikuwa mtoto, nimesimama mbele ya watu wale na gauni langu la kanisani, na hakukuwa na mtu mzima hata mmoja aliyesema, "Acheni hizo." Hata mmoja! Sitawasamehe, na msiniletee habari za kusamehe.

Nikamtafuta baba. Baba alikuwa na mikono ya kunyanyua sangara mwenye uzito wangu, na nilikuwa nasubiri aje amng'oe Chocho ile shingo nene. Nilipomwona, alikuwa amesimama kule karibu na choo anapiga makofi. Wimbo uliisha, watu wengine wakaacha, yeye akaendelea, taratibu, uso ameukaza. Kisha akaja akanishika mkono tukaondoka. Njia nzima ya kupanda nilikuwa namuuliza kwa nini hakumpiga.

"Solo amepiga vizuri leo," akanijibu.

Loo! Laiti ningekuwa na nguvu, ningempiga yeye.

Tangu siku hiyo nikasusa bendi. Gitaa langu la kopo nililikanyaga nikalitupa kwenye mawe. Shuleni wenzangu walikuwa wanaimba "Bosi Duma" kwa sababu bendi ilikwenda kuurekodi hivyohivyo na redio haikupumzika, na nilichapwa viboko vingi kwa kupigana. Baba yeye aliendelea kwenda. Kila Jumapili limau, shati, anashuka. Nilikuwa namfunikia chakula chake kwa kishindo ili asikie. Na alikuwa anarudi shati limekosa vifungo, siku moja mdomo umevimba. Nikaona basi, baba yangu ameshakuwa mlevi, anakwenda kunywa na kusukumana na watu waliotucheka. Nilikuwa namshonea vifungo huku nasonya. Hakuwahi kujitetea.

Nilipokuwa kidato cha pili, shangazi yangu, dada yake baba, alivuka ghafla kutoka Sengerema. Ilikuwa Jumapili, na alinituma nikamwite baba. Nilishuka nimevimba kwa hasira, nimeapa sitaingia mle ndani, nitamtuma mtu. Nikiwa nje ya uzio wa matete, solo likaingia. Nikaziba masikio, lakini miguu haikuondoka.

Tumba zikabaki peke yake. Watu wakaita, "Bosi Duma!" Na katikati ya mwito ule ikatoka sauti moja kavu, imechelewa mapigo, haina hata chembe ya muziki ndani yake: "Koku!"

Nikachungulia. Baba alikuwa mbele kabisa ya jukwaa na shati lake la drafti, ameinua mikono juu, vidole vimejikunja kana kwamba bado ameshika miguu ya mtoto. Mabaunsa wawili walikuwa wanamfuata bila haraka, kama watu wanaokwenda kuzima taa. Mmoja nilimsikia, "Mzee wangu, kila Jumapili jamani?" Baba akaita tena. Wakamkamata kifuani, na hapo nikaona vifungo vyangu vinaruka.

Sikumbuki kuvuka uzio. Nakumbuka nimesimama kwenye mchanga katikati ya wachezaji naita, "Koku! Koku!" kwa sauti iliyofungiwa miaka, mpaka yule wa solo akapoteza njia na gitaa likakwaruza. Chocho aliniona. Alinitambua vizuri sana, kwa sababu aligeuza uso. Walitutoa wote wawili, mimi nikiwa nang'ata mkono wa baunsa.

Nje baba alijikung'uta mchanga, akanitazama. Nikamwambia, "Shangazi amekuja." Akasema, "Haya, twende." Tulipofika nusu ya mlima ndipo nikamuuliza kuhusu yale makofi.

"Wimbo ni wa mama yako," akasema. "Ulitaka niuzomee?"

Baada ya hapo tulikuwa tunakwenda pamoja, mpaka bendi ikasambaratika, kila mmoja akashika njia yake. Msidhani tulishinda. Chocho hakulirudisha jina hata siku moja, na wimbo unaozunguka kwenye harusi zenu ni ule wa Duma. Lakini kuna jambo nililielewa nikiwa mtu mzima, na ndilo linaloniuma kuliko kicheko cha baa nzima. Nilipokuwa nasusa nilijiona ndiye mwenye uchungu, ndiye ninayempenda mama. Kumbe kususa kwangu kuliwafaa wao. Jumapili zote zile nilizokaa nyumbani nimenuna, mama alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwita mbele ya watu, na mtu huyo alikuwa hajui kuimba.