Aliyekuwa Akifagia Stoo

Pale Masumbwe, ukimtaja Martina watu wanakuelekeza kwa makande yake. Vijana wa machimbo wanasema mtu akitoka duarani, shimoni kwao, hata jina lake halikumbuki, ila akila sahani moja ya makande ya Mama Wema, jina linarudi lenyewe. Ajabu ni moja tu. Uani kwake kuna kivuli kizuri, lakini yeye anapikia ndani, kwenye stoo isiyo na hata dirisha, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Wengi wanadhani ni ukaidi. Ukaidi upo, sikatai, lakini una kisa chake.

Martina alizaliwa Samuye, kwa wafugaji. Donatus alipomwoa, baba mtu alipokea ng'ombe, na kabla tope halijawakauka kwatoni wakaswagwa kwenda kumwolea mke kaka yake Martina, Herman. Ndivyo ilivyo kwao: binti anatoka, ng'ombe wanaingia, na nyuma ya ng'ombe anaingia mkwe. Siku ya harusi ni raha tupu. Ubaya wake unaonekana binti akitaka kurudi nyumbani. Atarudi vipi? Ng'ombe wake walishageuka wifi, na wifi ana watoto.

Kwa hiyo Donatus alipotupa jembe la shamba akafuata dhahabu, Martina alifunga mizigo akamfuata. Walianza Ushirombo, wakaishia Masumbwe, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na stoo ya sakafu ya udongo.

Wa kwanza kumwona alikuwa Wema, binti yao wa darasa la sita, aliporudi kula mchana.

"Mama, huyo mgeni wako mbona hapokei salamu?"

"Mgeni gani tena?"

"Huyo mama anayefagia stoo. Nimempa shikamoo mara mbili, kimya kama ukuta."

Martina aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaenda kutazama. Hakukuta mtu. Ila udongo ulikuwa na mistari mibichi ya ufagio, na yeye alikuwa hajaigusa stoo tangu Jumapili.

Kesho yake, jua likiwa utosini, alimwona kwa macho yake. Mwanamke mwembamba, kitenge kimepauka, ameinama na mkono mmoja ameuweka mgongoni. Ukuta ulionekana kupitia bega lake. Lakini kilichomsisimua Martina zaidi ni jinsi alivyofagia: alianzia mlangoni akaelekea kona ya ndani. Nani hapa duniani anafagia kuingiza taka ndani?

"Baba Wema, tuhame," alimwambia mumewe jioni ile.

"Tuhamie wapi? Kwa ajili ya ndoto za mchana?"

Siku iliyofuata Donatus alibaki nyumbani makusudi. Alipomwona, alirudi nyuma mpaka ukutani. Kisha taratibu uso ukafunguka, akatabasamu, na lile tabasamu lilimtisha Martina kuliko mzuka wenyewe.

"Mama Wema, wewe mtoto wa ng'ombe huwezi kujua. Sisi wa machimbo tunajua mali haikai bila mlinzi. Palipo na mzuka, chini yake kuna mali. Na huyu ni mkarimu! Anatuonyesha mpaka kona!"

"Anatuonyesha au anatufukuza?"

"Angetufukuza angetuzaba makofi. Huyu anatufagilia mahali. Na mdomo wako ufunge. Mtu asijue, hata paka wa jirani asijue."

Akaanza kuchimba. Asubuhi alichimba, jioni alichimba; mchana alimwachia mwenye stoo nafasi yake. Udongo ulirundikwa chumba cha watoto mpaka wakawa wanalala na wazazi. Mlango wa uani ulifungwa kufuli. Wageni walipigwa marufuku. Martina alipika, akauza, akarudi kufungiwa na shimo.

Eliya, mdogo wake Wema wa miaka mitatu, alilipenda shimo lile kama pipi. Geuka kidogo tu, umemkuta ukingoni anatupia mawe. Martina akaona dawa ni kumbeba mgongoni kutwa, dume zima, miguu inaning'inia mpaka magotini mwa mama.

"Mama Wema," wateja walimtania, "huyo ataoa akiwa hukohuko mgongoni?"

"Akioa, mke atakaa kifuani," aliwajibu, nao wakacheka. Hawakujua kwamba usiku mgongo huo haukunyooka.

Aliposhindwa, alipiga simu Samuye.

"Amekupiga, mayu, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Hajanipiga."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana. Yupo kwenye shimo muda wote."

"Sasa nikamwambie nini baba yako? Kwamba mkwe anachimba?" Kisha sauti ikashuka. "Vumilia, mwanangu. Wifi yako ndiyo kwanza amejifungua."

Martina alikaa na ile simu mkononi. Nyuma yake shimo, mbele yake ng'ombe wasiorudishika. Alijiona kama kuku aliyefunikwa tenga: anaona nje, anaona hata punje zilizotawanywa uani, lakini akisogea kila upande kuna ufito.

Siku ya siku Donatus alivunja mwiko wake mwenyewe. Alisema sururu imegonga udongo uliolegea, dalili nzuri, hawezi kuacha. Mchana ukamkuta chini. Martina alikuwa anachambua maharage aliposikia anaitwa.

"Mama Wema! Acha kunimwagia udongo!"

"Mimi niko huku!"

Alikimbilia stoo, Eliya mgongoni. Mwanamke alikuwa kona ya ndani, anafagia udongo kuutumbukiza shimoni. Kisha akaacha ufagio, akainama, akachota udongo kwa mkono, akautupia taratibu.

Martina aliujua mkono ule. Yeye mwenyewe aliufanya vile alipomzika bibi yake. Kila aliyesimama kaburini anaujua.

"Baba Wema, toka! Hatuonyeshi kitu! Anazika! Hapo ni kaburi!"

Sururu chini ilikwaruza kitu. Halafu Donatus akasema kwa sauti ya mtoto, "Kuna buti hapa. Limesimama wima. Halivutiki."

Martina aliikamata kamba aliyoshukia mumewe, akaivuta mpaka viganja vikachubuka. Donatus alitoka mweupe kwa vumbi. Mwanamke hakuwepo tena. Martina akafungua kinywa apige yowe, na mumewe akamziba kwa kiganja.

"Nyamaza! Watu watajua!"

Akaking'ata. Akaling'ata lile neno, akaing'ata ile kufuli, akang'ata miezi yote. Kisha akapiga yowe lililowatoa watu sokoni.

Aliyefika kwanza ni Apolonia, jirani muuza vitunguu, na baada yake mtaa mzima, mwenyekiti, na watu wa serikali. Wakachimba kwa uangalifu. Mfupa wa kwanza ulipoonekana, Apolonia alikaa chini pwaa.

"Jamani, ni Wiliam, aliyepanga humu kabla yenu! Mkewe Rhoda alituambia kaenda kuchimba Chunya!" Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Kumbe alikuwa humu, kafukiwa na shimo lake. Atakuwa alimwambia mkewe mtu asijue, na yule dada alikuwa mtii. Alikaa humu peke yake, anafagia na kufagia, mpaka naye akafa."

Wiliam alizikwa kwa heshima kando ya Rhoda. Martina alitupia udongo kwa wote wawili. Tangu siku ile mchana wa stoo ulikuwa mtupu.

Hapo ungedhani Donatus amekoma. Baada ya matanga Martina alimkuta amechuchumaa ukingoni, anapima kwa macho.

"Unajua, Mama Wema, mwenyewe sasa ameshatoka. Iliyobaki ni mali."

Martina alisubiri aende kilabuni, akamwita Wema, na wawili hao wakaurudisha udongo wote, ndoo kwa ndoo, huku Eliya akilia kwa kunyang'anywa shimo lake. Alipomaliza kushindilia, aliyabeba mafiga yake matatu kutoka uani, akayasimika palepale katikati, akawasha moto.

Donatus aliporudi alisimama mlangoni. Kwao mwanamume hang'oi mafiga ya mke wake. Kung'oa mafiga ni kuvunja nyumba. Na anayevunja nyumba bila kosa la mke hadai ng'ombe hata mmoja. Alilijua hilo vizuri sana.

"Ndiyo nini sasa hiki?" aliuliza.

"Makande," alisema Martina. "Yakiiva nitakuita."

Mpaka leo anapikia pale. Hajarudi Samuye, na moshi haujapungua. Mchana, wateja wakishatawanyika, huchukua ufagio akafagia stoo kutoka kona ya ndani mpaka mlangoni, na taka anazitupa nje.